Kutoka 'Natetemeka' hadi Msimbo: Nafasi ya Kiswahili katika Uandishi wa Kumbukumbu za Wagonjwa wenye Mtetemo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya neno moja la mgonjwa, natetemeka, kutoka kinywani mwake hadi kwenye faili ya hospitali na hatimaye hadi kwenye msimbo wa takwimu za afya. Hoja kuu ni kwamba sarufi na msamiati wa Kiswahili tayari vina uwezo wa kubainisha tofauti ambazo uainishaji wa maradhi unazihitaji, ila tofauti hizo hupotea pale maneno ya mgonjwa yanapofupishwa na kuhamishiwa lugha nyingine bila uangalifu. Makala yanajadili msamiati wa kutetemeka, viambishi vinavyobeba taarifa za kitabibu, namna mtetemo unavyosomwa kama ishara katika fasihi na katika jamii, na tatizo la istilahi. Mwishoni panatolewa mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Si jambo la kawaida kwa mwanafunzi wa fasihi kujishughulisha na misimbo ya maradhi. Hata hivyo, kila msimbo wa maradhi hutanguliwa na matini, na kila matini hutanguliwa na masimulizi. Mgonjwa husimulia, tabibu husikiliza, huuliza na kuandika, afisa wa kumbukumbu za afya husoma kilichoandikwa na kukigeuza kuwa herufi na tarakimu. Hizi ni matini tatu zinazofuatana, na kila moja ni fasiri ya ile iliyoitangulia. Anayejua namna maana inavyobadilika, inavyopungua au inavyopotoka katika fasiri ana la kusema kuhusu mchakato huu.

Tumeuteua mtetemo kwa sababu mbili. Kwanza, ni dalili inayoonekana na kila mtu, hivyo kila mtu huifasiri, awe daktari, jirani, mwajiri au mganga. Pili, katika Kiswahili dalili hii huelezwa kwa kitenzi kimoja ambacho pia hutumika kwa baridi, hofu, hasira, homa na uzee. Mgonjwa anaposema "natetemeka" amesema kweli, lakini bado hajasema jambo ambalo karani anaweza kulitofautisha na mengine. Kinachofuata baada ya neno hilo ndicho kinachoamua atapewa dawa gani na atahesabiwa katika kundi lipi.

2.0 Uainishaji wa Maradhi na Kanuni ya Kilichoandikwa

Uainishaji wa Kimataifa wa Maradhi, unaojulikana kwa kifupi kama ICD, una historia ndefu. Mwaka 1893 Jacques Bertillon, mtakwimu Mfaransa, aliwasilisha mjini Chicago orodha ya sababu za vifo iliyokubaliwa na wanatakwimu wa mataifa mbalimbali. Shirika la Afya Duniani lilichukua dhamana ya orodha hiyo mwaka 1948. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990, na toleo la 11 likapitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Nchi mbalimbali zimekuwa zikihamia toleo jipya hatua kwa hatua. Katika makala haya tunatumia misimbo ya toleo la 10, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwa muda mrefu.

Katika toleo hilo, hali ambazo Mswahili wa kawaida angeziita kutetemeka zimetawanywa katika sura kadhaa. Ifuatayo ni baadhi ya misimbo inayohusika:

G20: ugonjwa wa Parkinson
G21.1: hali inayofanana na Parkinson iliyosababishwa na dawa
G25.0: mtetemo usio na chanzo kingine kinachojulikana, ambao mara nyingi huonekana katika ukoo
G25.1: mtetemo uliosababishwa na dawa
G25.2: aina nyingine bainifu za mtetemo, ukiwemo wa kulenga
F10.3: hali ya kuacha pombe baada ya kuizoea
E05: kuzidi kwa homoni ya tezi ya shingoni, yaani thairoidi
B50 hadi B54: malaria
R56.0: degedege la homa
R25.1: mtetemo usiobainishwa

Msimbo wa mwisho ndio unaostahili kuangaliwa zaidi. Herufi R ni ya sura ya dalili na ishara ambazo chanzo chake hakijathibitishwa. Msimbo R25.1 una nafasi yake halali: tabibu asiyejua chanzo hana budi kuandika dalili tu, na ni heri kuandika dalili kuliko kubuni ugonjwa. Tatizo huja pale ambapo chanzo kingeweza kujulikana kutokana na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, lakini maelezo hayo hayakuandikwa. Afisa anayeweka msimbo haruhusiwi kukisia. Kanuni ya kazi yake ni kwamba jambo lisiloandikwa ni kana kwamba halikutokea. Hata akimfahamu mgonjwa na kujua kwamba mtetemo wake ulianza baada ya kubadilishiwa dawa, hawezi kuandika G25.1 ikiwa faili inasema "anatetemeka" na kuishia hapo.

Ni muhimu pia kutaja kwamba kanuni za usimbaji hazipendi kurudiarudia. Ugonjwa wa Parkinson ukishathibitishwa, mtetemo wake hauhitaji msimbo wa pembeni, kwa kuwa tayari ni sehemu ya ugonjwa huo. Mtetemo wa dawa, kwa upande wake, unaweza kuongezewa msimbo wa kutambulisha dawa iliyohusika. Kwa hiyo jina la dawa lisipoandikwa, taarifa ambayo ingewafaa wagonjwa wengine pia inapotea.

3.0 Msamiati wa Kutetemeka katika Kiswahili

Baadhi ya wasomi hudai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha wa kitabibu. Dai hili linahitaji kupimwa kwa mifano. Tukiangalia uga wa kutetemeka tunapata maneno mengi, kila moja likiwa na mkazo wake.

Tetema na tetemeka ndiyo maneno ya jumla. Kitapo ni kutetemeka kwa mwili mzima kutokana na baridi, homa au hofu; mgonjwa wa malaria aliyejifunika blanketi mbili saa sita mchana ameshikwa na kitapo. Kugwaya ni kutetemeka kwa woga. Kutukutika hudokeza msukosuko wa mwili au wa nafsi. Kupapatika ni mtikisiko wa harakaharaka kama wa bawa la ndege. Degedege ni la watoto wadogo, na kifafa kina jina lake. Msuli mmoja unapojitikisa wenyewe husemwa kwamba unacheza: "jicho linanicheza." Mwili ukikazana ghafla, misuli imekakamaa au imebana.

Orodha hii inakaribia sana migao ya uainishaji wenyewe. Kucheza kwa msuli kuna msimbo wake, R25.3, kukakamaa na kubana kuna R25.2, degedege la homa limekwisha kutajwa. Ni wazi basi kwamba Mswahili alikuwa akiainisha kabla ya kuletewa orodha. Kinachohitajika ni kuyatumia maneno haya kwa uthabiti. Tabibu akiandika kitapo pale penye kitapo na mtetemo pale penye mtetemo, mgonjwa wa malaria na mgonjwa wa Parkinson hawawezi kuchanganywa katika sentensi moja.

Umbo la neno tetemeka nalo lina la kufundisha. Silabi te inarudiwa, na urudiaji huo unaiga mwendo wenye mapigo yanayojirudia. Mwisho wa shina una -ek-, umbo linalofanana na lile la kauli ya kutendeka katika vunjika na tikisika, yaani hali inayompata mtu au kitu bila kumtaja mtendaji. Fasili ya kitabibu ya mtetemo ina nguzo hizohizo mbili: ni mwendo wenye mapigo yanayorudi kwa mpangilio, na haufanyiki kwa hiari ya mwenye mwili. Mtu hutikisa kichwa akikataa. Kichwa hutikisika kikiwa na maradhi. Tofauti ya tikisa na tikisika, ambayo mwanafunzi hufundishwa katika sarufi ya shule ya upili, ni tofauti ya hiari na maradhi.

4.0 Sarufi kama Chombo cha Utambuzi

Mwaka 2018 wataalamu wa maradhi ya mwendo walichapisha makubaliano yao kuhusu namna ya kuainisha mitetemo. Walipendekeza mihimili miwili: wa kwanza ni sifa zinazoonekana na historia ya mgonjwa, wa pili ni chanzo. Katika mhimili wa kwanza swali la msingi ni hili: mtetemo hutokea kiungo kikiwa kimepumzika au kikiwa kinatenda? Kikiwa kinatenda, je, ni pale kinapozuiliwa hewani, kinapokwenda, au kinapokaribia shabaha?

Tuchunguze sentensi zifuatazo, ambazo tumezitunga kwa ajili ya mjadala huu:

(1) Natetemeka.
(2) Mkono unatetemeka.
(3) Mkono wa kulia hutetemeka nikiwa nimeulaza mapajani. Nikiunyosha kushika kikombe unatulia kidogo.
(4) Mikono yote miwili hutetemeka nikiinua kikombe. Nikiiweka mapajani inatulia.
(5) Mkono hautetemeki nikiwa nimekaa. Nikinyosha kidole kugusa kitu ndipo unapoyumba, na kadiri ninavyokikaribia ndivyo unavyozidi.
(6) Mikono ilianza kutetemeka wiki mbili baada ya kuanza kumeza vidonge vipya.

Kutoka (1) hadi (2) kimebadilika kiambishi cha nafsi na ngeli tu. Katika (1) anayetetemeka ni mtu mzima. Katika (2) ni kiungo chake. Tofauti kati ya mkono katika (3) na mikono katika (4) ni ya umoja na wingi, lakini kitabibu ina uzito mkubwa: ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida huanzia upande mmoja wa mwili, ilhali mtetemo wa msimbo G25.0 kwa kawaida hushika mikono yote miwili. Kiambishi hu- kinaonyesha mazoea, na -na- kinaweza kuonyesha jambo la sasa hivi. Mgonjwa anayesema "hutetemeka" hasemi sawa na anayesema "inatetemeka leo."

Kiambishi -ki- cha masharti ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote. "Nikiwa nimeulaza" katika (3) ni mtetemo wa kupumzika. "Nikiinua" katika (4) ni mtetemo wa kutenda. Muundo wa "kadiri ... ndivyo" katika (5) unaeleza mtetemo wa kulenga, ambao huelekeza macho ya daktari kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Sentensi (6), kwa kutumia "baada ya," inaweka mfuatano wa wakati ambao ndio msingi wa kushuku dawa. Miongoni mwa dawa zinazojulikana kuleta mtetemo ni salbutamoli ya pumu, litiamu na valproeti. Haloperidoli na metoklopramidi zinaweza kuleta hali inayofanana na Parkinson yenyewe.

Hatudai kwamba sentensi peke yake inatosha kutambua ugonjwa. Parkinson haitambuliwi kwa mtetemo tu. Lazima mwendo uwe wa polepole, na mara nyingi viungo huwa vigumu. Wapo wagonjwa wake wasiotetemeka kabisa. Tunachodai ni kwamba sentensi (3) ikiandikwa ilivyo, daktari wa pili ana pa kuanzia. Ikifupishwa kuwa sentensi (1), hana.

5.0 Mtetemo kama Ishara

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kuusoma mwili wa mhusika. Mhusika anayetetemeka mbele ya hakimu ana hatia au ana hofu. Mzee anayetetemeka amekaribia kaburi. Anayetetemeka asubuhi ni mlevi. Msomaji hufunzwa kuzifungua ishara hizi tangu utotoni, katika ngano na katika riwaya, naye huzibeba hadi nje ya kitabu. Katika Pwani, kutetemeka kwa mwili katika ngoma ya pepo husomwa kama dalili kwamba pepo amepanda kichwani. Hata kucheza kwa jicho kuna ubashiri wake.

Usomaji wa aina hii hauna dhambi katika fasihi, kwa kuwa mwandishi ndiye aliyeiweka ishara ili isomwe. Mwili wa mgonjwa haukuandikwa na mtu. Mtetemo wake hauelekezi kwenye tabia yake. Lakini mwalimu ambaye chaki inamtetemeka mkononi anaweza kuonekana mlevi mbele ya wanafunzi wake, na shahidi mwenye mtetemo akaonekana mwongo kizimbani. Hapa fasiri mbaya inagharimu riziki na heshima.

Faili ya hospitali inaweza kuikinga au kuiendeleza fasiri hiyo. Tukichukua neno "mlevi" likiandikwa na tabibu aliyeona mikono inayotetemeka bila kuuliza, neno hilo litasomwa na kila atakayeifungua faili baadaye. Isitoshe, kuna mkanganyiko wa kweli hapa: wagonjwa wengi wenye mtetemo wa msimbo G25.0 huona mikono ikitulia kwa muda wakinywa pombe kidogo, na mtu anayeacha pombe ghafla naye hutetemeka. Hali hizi mbili zina misimbo tofauti na matibabu tofauti. Swali linalozitenganisha ni la kawaida kabisa: kipi kilitangulia, mtetemo au pombe?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa. Lakini mgonjwa huficha anapoona kwamba akisema atahukumiwa, na lugha ya anayeuliza ndiyo inayomfungua kinywa au kumfunga.

6.0 Mfano wa Kumbukumbu Mbili

Ili kuonyesha kinachopotea, tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke wa miaka 68, fundi wa kushona nguo, anafika zahanati akilalamika kwamba anatetemeka. Kumbukumbu ya kwanza inaandikwa hivi:

"Anatetemeka. Mzee. Apewe dawa za malaria, arudi baada ya wiki moja."

Afisa wa kumbukumbu hana la kufanya ila kuchagua kati ya malaria isiyothibitishwa na R25.1. Kumbukumbu ya pili ni ya mgonjwa yuleyule:

"Mwanamke, miaka 68, fundi cherehani. Kwa miaka 4 mikono yote miwili hutetemeka anapotunga uzi sindanoni na anapoinua kikombe. Akiiweka mapajani hutulia. Hana homa wala kitapo. Mamake alikuwa na hali kama hiyo. Hanywi pombe. Ana pumu, ameanza kutumia salbutamoli ya kuvuta mwaka mmoja uliopita, na anasema mtetemo umezidi tangu wakati huo. Mwendo wake si wa polepole, viungo si vigumu. Amechora mduara wa konokono kwa kila mkono. Michoro imo katika faili. Ameacha kushona tangu mwezi wa Januari."

Kumbukumbu hii ina urefu wa aya moja tu. Inaondoa malaria, inaelekea mbali na Parkinson na kuelekea G25.0. Inaonyesha kwamba dawa ya pumu haikuanzisha mtetemo, kwa sababu mtetemo uliitangulia kwa miaka 3, ingawa huenda imeuzidisha. Jambo kubwa zaidi ni neno pumu. Propranololi ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana kutuliza mtetemo wa aina hii, na dawa hiyohiyo inaweza kumbana kifua mwenye pumu hadi kuhatarisha maisha yake. Daktari wa pili akisoma kumbukumbu ya kwanza, hana onyo lolote. Sentensi ya maneno mawili, "Ana pumu," inaweza kuwa tofauti kati ya nafuu na maafa.

Mchoro wa mduara wa konokono nao ni matini. Mgonjwa huombwa kuchora mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, na vilevile kuandika sentensi. Mwandiko wa mgonjwa wa Parkinson mara nyingi huanza kwa ukubwa wa kawaida na kupungua kadiri mstari unavyoendelea. Ule wa mtetemo wa kutenda huwa mkubwa na wenye mawimbi. Karatasi hizo zikitiwa tarehe na kuhifadhiwa, zinakuwa shajara ya ugonjwa. Pia zinaweza kumsaidia mgonjwa kueleza kwa nini saini yake ya leo haifanani na ya miaka 5 iliyopita.

Mwisho, sentensi kuhusu kuacha kushona haibadilishi msimbo. Hata hivyo, ndiyo inayosema ugonjwa umechukua nini. Mtetemo usiomzuia mtu kazi unaweza kuvumiliwa bila dawa. Ule unaomnyang'anya sindano unahitaji tiba.

7.0 Tatizo la Istilahi

Msimbo G25.0 unaleta kikwazo kwa mfasiri. Kivumishi cha Kiingereza kinachotumika katika jina la hali hiyo kina maana mbili: ya kawaida, yaani -a lazima au muhimu, na ya kitabibu, yaani isiyotokana na ugonjwa mwingine unaojulikana. Mfasiri asiyejua maana ya pili ataandika "mtetemo muhimu," na mgonjwa atashangaa ni vipi maradhi yake yamekuwa muhimu. Istilahi "mtetemo wa kurithi" ni bora, lakini inawaacha nje wagonjwa wasio na historia ya ukoo. Tunapendekeza mtetemo pekee, kwa maana ya mtetemo unaosimama wenyewe bila kuletwa na ugonjwa mwingine. Kwa aina nyingine tunapendekeza mtetemo wa kupumzika, mtetemo wa mkao, mtetemo wa kutenda na mtetemo wa kulenga. Istilahi hizi ni fupi, zinafuata mofolojia ya Kiswahili, na mgonjwa anaweza kuzielewa bila kamusi.

Historia inatupa funzo hapa. Mwaka 1817 James Parkinson, daktari wa London, alichapisha insha fupi kuhusu ugonjwa alioupa jina la kupooza kwa kutetemeka. Alieleza wagonjwa sita tu, na baadhi yao alikutana nao au kuwaona barabarani. Hakuwa na mashine wala kipimo cha damu. Alikuwa na macho na sentensi. Maelezo yake ya mtetemo unaotokea kiungo kikiwa kimetulia, mwili ulioinama mbele na mwendo wa kukimbiliakimbilia yangali yanasomwa zaidi ya miaka 200 baadaye. Jina lake liliwekwa kwenye ugonjwa baadaye na wengine. Maelezo sahihi yalitangulia, jina likafuata.

8.0 Kwa Nini Jambo Hili Linatuhusu

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo, kadiri inavyowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Hata hivyo, katika vituo vingi mgonjwa husimulia kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na faili huandikwa kwa Kiingereza. Mama anayesimulia kwa Kikamba, akafasiriwa na mjukuu kwa Kiswahili, kisha tabibu akaandika kwa Kiingereza, amevushwa mito mitatu kabla ya kufika kwenye msimbo. Kila mto huchukua kitu.

Hasara yake huonekana katika hesabu za jamii. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa waliopatikana na ugonjwa wa Parkinson hawakuwa wamewahi kutambuliwa hapo awali. Watu hawa waliishi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, na bila shaka walitetemeka mbele ya majirani wanaolijua neno kutetemeka. Asiyetambuliwa hana msimbo. Asiye na msimbo hahesabiki. Na asiyehesabika haagiziwi dawa. Levodopa haitafika katika hospitali ya kaunti ambayo takwimu zake zinasema wagonjwa wa G20 hawapo.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya iliyokuwa hazina ya bima ya hospitali, mazungumzo kuhusu madai ya malipo yamekuwa ya kila siku nchini. Dai lenye maelezo kamili ya ugonjwa linatetewa kwa urahisi kuliko lenye neno moja. Wakati huohuo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kuandika kwa ukamilifu kusigeuzwe kuwa kuandika kila uvumi. Kinachoandikwa ni kile kinachosaidia tiba.

9.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza tabibu aulize, kwa Kiswahili, maswali yafuatayo na kuandika majibu yake kwa maneno ya mgonjwa:

(a) Kinatetemeka kiungo gani, upande mmoja au zote mbili?
(b) Ulianza lini, na ulianza ghafla au polepole?
(c) Hutokea ukiwa umepumzika, ukishika kitu, au ukikaribia kukigusa?
(d) Kipi huuzidisha, na kipi huutuliza?
(e) Unatumia dawa gani, na ulianza kuzitumia kabla ya mtetemo au baada yake?
(f) Katika ukoo wenu yupo mwingine mwenye hali hii?
(g) Una homa, kitapo, kupungua uzito, ugumu wa viungo au mwendo wa polepole? Una maradhi mengine, kama vile pumu?
(h) Kazi gani uliyokuwa ukiifanya huiwezi tena?

Kwa wahadhiri, tunapendekeza kozi za tafsiri na istilahi zitumie matini za hospitali, zilizoondolewa majina, pamoja na matini za fasihi na magazeti tulizozizoea. Kwa wanafunzi wenzetu, uwanja huu ungali na nafasi tele ya tasnifu. Msamiati wa maumivu, wa kizunguzungu, wa kuhema na wa usingizi haujachunguzwa kwa kina kwa mkabala huu, na lahaja za Pwani zina hazina ambayo kamusi sanifu haijaimaliza. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini, KMTC, hufunza maafisa wa kumbukumbu za afya; ushirikiano kati ya vyama vya Kiswahili na wanafunzi wa fani hiyo hauhitaji fedha nyingi kuuanzisha.

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili hakijapungukiwa na uwezo wa kumweleza mgonjwa mwenye mtetemo. Umoja na wingi, hu- na -na-, -ki- ya masharti, kitapo na mtetemo: hivi vyote vimo tayari katika kinywa cha fundi cherehani yule wa mfano wetu. Yeye hahitaji kufundishwa lugha ya ugonjwa wake. Anahitaji msikilizaji atakayeiandika sentensi yake hadi nukta ya mwisho.